Felix Rohatyn: mgeni aliyeliponya jiji na gharama iliyobaki kwa wenyeji

Mwezi Septemba mwaka 1997, Marekani ilimpeleka Paris balozi mpya ambaye hakuhitaji mkalimani. Felix Rohatyn alikuwa na umri wa miaka 69, ametoka kuagana na benki ya Lazard Frères aliyoitumikia kwa karibu nusu karne, na Kifaransa chake hakukipata chuoni wala katika mafunzo ya wizara ya mambo ya nje. Alikiokota utotoni, akiwa mtoto wa Kiyahudi aliyeletwa Ufaransa kutoka Vienna na wazazi walioona mapema kwamba Austria haikuwa tena mahali pa kulelea mtoto wao. Mji aliorudi akiwa mwakilishi wa rais wa Marekani ndio mji alioukimbia mwaka 1940, majeshi ya Ujerumani yalipokaribia.

Maisha kama haya ni rahisi kuyapanga kama ngazi: mkimbizi, karani wa benki, tajiri wa Wall Street, mwokozi wa New York, balozi. Hakuna uongo katika mpangilio huo, ila unaruka jambo moja, nalo ndilo linalonifanya niamini kwamba maisha ya Rohatyn yanastahili kuchambuliwa wala si kusifiwa tu. Kati ya nyadhifa zilizompa jina, hakuna hata mmoja alioupata kwa kura za wananchi. Mabenki, magavana, marais na viongozi wa vyama vya wafanyakazi walimwamini kwa sababu hakuonekana kuwa mtu wa upande wowote. Na kwa sababu hiyo hiyo hakulazimika kurudi kwa watu waliobeba mzigo wa maamuzi yake kuwaomba ridhaa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja kweli, na mwenyeji akapona. Tatizo ni kujua mwenyeji yupi.

Alizaliwa Vienna mwezi Mei mwaka 1928 katika familia iliyomiliki viwanda vya bia. Mwaka 1935 familia ikahamia Ufaransa, wazazi wakatengana, mama akaolewa tena, na Wajerumani walipoivamia Ufaransa ikaanza safari ya pili: kusini mwa nchi hiyo, Casablanca, Lisbon, Rio de Janeiro, hadi New York mwaka 1942. Kisa alichokirudia mara nyingi ukubwani ni cha kuondoka Ufaransa, alipopewa kazi ya kuficha sarafu za dhahabu ndani ya mirija ya dawa ya meno. Alisema kwamba tangu siku hiyo aliamini mali pekee inayodumu ni ile ambayo mtu anaibeba kichwani.

Ni funzo zuri, lakini naona ni nusu ya funzo. Dhahabu inaweza kumlisha mtu njiani, na akili ilimfaa sana baadaye, lakini kilichoipitisha familia ile kwenye mipaka kilikuwa viza. Zilitolewa na Luis Martins de Souza Dantas, balozi wa Brazil nchini Ufaransa, ambaye alikaidi maagizo ya serikali yake na kuwapa viza mamia ya watu waliokuwa wakisakwa, wengi wao Wayahudi. Wakubwa wake walimfungulia uchunguzi kwa kosa hilo. Heshima ilimfikia mwaka 2003, miaka mingi baada ya kifo chake, Israel ilipomtambua kuwa mmoja wa Waadilifu wa Mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi. Kwa hiyo kabla hajajua lolote kuhusu benki, kijana huyu alikuwa ameshaona kwa macho yake kwamba karatasi haina thamani yenyewe kwa yenyewe. Thamani yake ni jina la aliyeisaini, pamoja na utayari wa wengine wa kuliamini jina hilo. Biashara nzima ya mikopo imesimama hapo, na hapo ndipo New York ilipokuja kuteleza.

Huko Marekani alisoma fizikia katika chuo cha Middlebury, Vermont, na mwaka 1949 akaingia Lazard. Benki hiyo nayo ilikuwa nyumba ya wahamiaji. Iliasisiwa New Orleans mwaka 1848 na ndugu kutoka Lorraine, Ufaransa, walioanza kwa kuuza vitambaa, na karne moja baadaye tawi la New York lilikuwa mikononi mwa André Meyer, Myahudi mwingine aliyeikimbia Paris mwaka 1940. Inafaa kulisema hili waziwazi, kwa kuwa simulizi za wahamiaji waliofanikiwa hupenda kumwonyesha mtu aliyejipandia peke yake. Rohatyn alipita katika mlango ulioachwa wazi na waliomtangulia, akapata mlezi aliyejua maana ya kuanza upya katika nchi ya watu, akatoka kidogo kwenda jeshini wakati wa vita vya Korea, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akawa mbia.

Kazi iliyomtajirisha ilikuwa kuunganisha makampuni. Alikuwa mshenga: anajua nani anamtaka nani, nani anaona haya kuanza kusema, mahari iwe kiasi gani na wakati gani anyamaze. Mteja wake mkubwa alikuwa ITT ya Harold Geneen, kampuni ya simu iliyokuwa ikimeza kila kilichopita mbele yake: magari ya kukodi ya Avis, hoteli za Sheraton, hatimaye bima ya Hartford. Muungano huu wa Hartford ndio uliomtia doa. Wizara ya Sheria ilifungua kesi kuupinga, naye akaenda zaidi ya mara moja kuonana faragha na Richard Kleindienst, naibu mkuu wa wizara hiyo, kumweleza kwamba kuitenga Hartford kungeuumiza uchumi wa nchi. Mwaka 1971 serikali ikakubali ITT ibaki na Hartford kwa sharti la kuuza makampuni mengine. Mwaka uliofuata ikafichuka habari ya ahadi ya fedha za ITT kwa ajili ya mkutano mkuu wa chama cha Republican, na Rohatyn akajikuta mbele ya kamati ya Seneti akijieleza. Magazeti yakambandika jina la utani la Felix Mtengeneza-Mambo.

Wengi wanaoandika habari zake hulipita jambo hili haraka ili wafike New York, na naelewa kwa nini. Lakini miaka mitatu tu inatenganisha kikao kile cha Seneti na siku aliyoitwa kuliokoa jiji, na kazi aliyoifanya katika nyakati hizo mbili ilikuwa moja: kuingia katika chumba kilichofungwa, kumshawishi mwenye madaraka, na kutoka na mapatano ambayo umma unayasikia yakiwa yameshakamilika. Kilichobadilika ni aliyemtuma. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba katikati ya hayo alikuwa ameshaonja kazi iliyokaribia utumishi wa umma. Mwaka 1970, kampuni za madalali wa hisa zilipoanza kuzama moja baada ya nyingine kwa sababu ofisi zao zilielemewa na karatasi za mauzo, aliongoza kamati ya Soko la Hisa la New York iliyotafuta nani aunganishwe na nani kabla wateja hawajapoteza akiba zao. Alifanya kazi hiyo vizuri, na watu wa fedha hawakuisahau.

Tufike sasa mwaka 1975. Jiji la New York lilikuwa na deni la takriban dola bilioni 14, na karibu bilioni 6 kati yake zilikuwa hati za muda mfupi, yaani mikopo ya miezi michache ambayo hulipwa kwa kukopa tena. Yeyote aliyewahi kuiona serikali ikihangaika na mishahara ya mwisho wa mwezi ataitambua mbinu yenyewe. Kodi ambayo haijakusanywa inahesabiwa kana kwamba imo mkononi, inakopewa, na isipopatikana unachukuliwa mkopo mwingine wa kulipia ule wa kwanza. Gharama za kila siku zinaingizwa kwenye bajeti ya maendeleo ili hesabu zionekane kulingana. Wakati huo huo viwanda vilikuwa vinaondoka na watu wanaondoka navyo, kiasi kwamba kati ya sensa ya 1970 na ile ya 1980 wakazi walipungua kwa zaidi ya 800,000. Mabenki yaliyokuwa yakiziuza hati hizo yalijua mengi kuliko yaliyowaambia wateja wao, na ripoti ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya mwaka 1977 iliwalaumu meya na mabenki kwa pamoja kwa kuwaficha wawekezaji hali halisi. Ilipofika majira ya kuchipua ya 1975, hakuna aliyetaka tena karatasi yenye saini ya New York.

Gavana Hugh Carey alimwita Rohatyn pamoja na watu wengine wachache, na mwezi Juni likaundwa shirika la jimbo lililoitwa Municipal Assistance Corporation, kwa kifupi MAC. Werevu wake ulikuwa katika njia ya fedha. Kodi ya mauzo na kodi ya kuhamisha hisa, ambazo awali zilikwenda moja kwa moja kwenye hazina ya jiji, sasa zilipita kwanza mikononi mwa jimbo. Wenye hati fungani za MAC wakalipwa, ndipo salio likateremshwa kwa jiji. Mkopeshaji hakuwa na haja tena ya kumwamini meya Abraham Beame. Alichotakiwa kukiamini ni sheria ya jimbo. Kwa maneno mengine, Rohatyn na wenzake waliiondoa saini iliyochakaa wakaweka nyingine mahali pake, na mhamiaji aliyevuka bahari kwa saini ya Mbrazili hakuhitaji kuelezwa uzito wa kitendo hicho.

Hata hivyo soko halikuridhika. Hati za kwanza, za dola bilioni 1, ziliuzwa mwezi Julai, na baada ya muda mfupi bei yake ikaporomoka, kwa kuwa wanunuzi waliona mapato yamelindwa lakini matumizi hayajaguswa. Hapo ndipo kisu kilipoingia. Askari polisi karibu 5,000 walipunguzwa kazi, na baadhi yao wakaenda kulifunga daraja la Brooklyn. Wazoa taka wakagoma na mifuko ikarundikana mitaani. Vyama vya askari vilikuwa vimeshagawa vipeperushi vyenye picha ya fuvu, vikiwaonya wageni wasilikanyage Jiji la Hofu. Nauli ya treni za chini ya ardhi ikapanda kutoka senti 35 hadi senti 50. Mwezi Septemba jimbo likaunda bodi ya dharura ya kudhibiti fedha, yenye wajumbe saba: gavana, meya, wadhibiti wakuu wa hesabu wa jimbo na wa jiji, na wakuu watatu wa makampuni binafsi walioteuliwa na gavana. Bodi hiyo iliweza kuikataa bajeti na kuitengua mikataba ya mishahara. Meya, aliyechaguliwa na mamilioni ya watu, akawa na kura moja kati ya saba katika mambo ya jiji lake mwenyewe.

Siku inayofaa kutazamwa kwa karibu ni Ijumaa ya tarehe 17 Oktoba. Madeni ya dola milioni 453 yalikuwa yanaiva siku hiyo, na jiji lilikuwa na milioni 34 tu mkononi. Mpango mzima ulitegemea mfuko wa pensheni wa walimu kununua hati za MAC zenye thamani ya dola milioni 150, na usiku wa kuamkia siku hiyo wadhamini wa mfuko walikataa. Wanasheria walikuwa na maombi ya kufilisika yaliyokwisha kuandikwa, meya alikuwa na taarifa yake tayari, na magari ya polisi yalikuwa yakingoja kuzipeleka hati kwenye mabenki. Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu, alikuwa na kila sababu ya kushikilia msimamo wake. Wanachama wake walikuwa wamepoteza maelfu ya ajira, walikuwa wamegoma mwezi uliotangulia, na sasa walikuwa wakiombwa waweke fedha za uzeeni mwao katika karatasi ambayo wenye mitaji mikubwa walikuwa wakiikwepa. Mazungumzo yalifanyika katika nyumba ya Richard Ravitch, mtu wa karibu wa gavana, na inasimuliwa kwamba jikoni hakukuwa na chakula kingine ila mikate mikavu ya matzo. Saa nane na dakika saba mchana Shanker akatangaza kwamba walimu watanunua. Mabenki yalikuwa yanafunga saa tisa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nani aliiokoa New York tarehe 17 Oktoba, nitamjibu kwamba ni walimu. Rohatyn alijenga chombo, lakini chombo kilijazwa na akiba za watu wa mishahara, na katika miaka iliyofuata mifuko ya pensheni ya vyama vya wafanyakazi ikanunua hati za mabilioni ya dola. Hapa sifa yake ya kweli inaonekana, wala si ile inayotajwa kila siku. Wakuu wengi wa fedha wa wakati huo hawakuwa na lugha ya kuzungumza na mtu kama Victor Gotbaum, kiongozi wa chama kikubwa kabisa cha watumishi wa jiji, aliyekuja mezani akiwa amekasirika na alikuwa na haki ya kukasirika. Rohatyn alikuwa nayo. Hakumwona Gotbaum kama adui wa nchi, akamwonyesha hesabu zile zile zilizoonwa na mabenki, akamsikiliza, na urafiki uliozaliwa katika vikao vile ulidumu miaka mingi. Mtu ambaye hakuzaliwa katika ugomvi wa wenyeji anaweza kuketi kati yao bila kubeba kinyongo cha mababu. Ni fadhila ya ugeni, na sidhani kwamba mzaliwa wa Wall Street mwenye uwezo sawa na wake angeifanya kazi ile.

Washington nayo ilichelewa. Tarehe 29 Oktoba rais Gerald Ford alitangaza kwamba ataupinga kwa turufu muswada wowote wa kulinusuru jiji, na asubuhi yake gazeti la Daily News likachapa kichwa cha habari kilichosema Ford ameiambia New York ikafie mbali. Haikuwa kauli yake neno kwa neno, lakini maana iliwafikia watu. Helmut Schmidt, kansela wa Ujerumani Magharibi, alikuwa ameonya kwamba kuanguka kwa New York kungetikisa masoko ya dunia. Wiki chache baadaye Ford akabadilisha msimamo, na mwezi Desemba akasaini sheria ya mikopo ya msimu ya hadi dola bilioni 2.3 kwa mwaka. Jiji halikufilisika. Mwaka 1981 bajeti yake ililingana, na Rohatyn aliendelea kuiongoza MAC hadi mwaka 1993. Katika miaka hiyo ziada ya shirika ilisaidia kukarabati treni na kujenga shule.

Wapo wanaosema kwamba lawama zote juu ya kubana matumizi kule ni za bure, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kufilisika. Hoja yao ina nguvu kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Sheria ya ufilisi ya wakati huo haikutengenezwa kwa jiji lenye maelfu ya wadai wasiojulikana walipo, na ilibidi Bunge la Marekani liirekebishe mwaka 1976. Detroit ilipokwenda mahakamani mwezi Julai mwaka 2013 ikiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18, wastaafu walikatwa pensheni zao. Anayewahurumia wafanyakazi wa New York ya 1975 hana budi kuwatazama pia wazee wa Detroit.

Lakini kuzuia kufilisika ni jambo moja, na kugawa maumivu ni jambo jingine, na ni hapa ninapoachana na wasifu wake. Mwezi Novemba 1975 jimbo liliahirisha ulipaji wa sehemu ya hati za muda mfupi za jiji, yaani wakopeshaji nao waliambiwa wangoje. Mwaka mmoja baadaye mahakama ya juu ya jimbo ikaitengua sheria hiyo kwa kuwa inakiuka katiba, na wadai wakapata haki yao. Mwanafunzi hakuwa na mahakama ya namna hiyo. Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ambacho chimbuko lake lilikuwa la mwaka 1847, kilikuwa kimefundisha bila ada kwa miaka 129, na watoto wa wahamiaji maskini, wengi wao Wayahudi kutoka Ulaya ya Mashariki, walipitia humo kwenda kuwa madaktari, walimu na wanasayansi. Mwaka 1970 milango ilipanuliwa, na vijana weusi na wa Puerto Rico wakaingia kwa wingi kuliko wakati wowote. Miaka sita baadaye ada ikaanza kutozwa. Serikali ya Washington iliitaka, wakopeshaji waliitaka, na MAC ikaisukuma kama ishara kwamba jiji limetia akili. Kiasi kilichopatikana kilikuwa kidogo ukilinganisha na deni. Soko lilitaka kuona dhabihu, na waliokuwa karibu na madhabahu walikuwa wale ambao kura zao zilikuwa bado changa. Mhamiaji mmoja aliyefika kwa neema ya saini ya mtu alishiriki kuufunga mlango ambao wahamiaji wengine waliutumia kwa zaidi ya karne. Sidhani alifanya hivyo kwa ubaya wa moyo. Nadhani hakuna aliyeketi mbele yake mezani kuwasemea, na yeye alikuwa fundi wa kupatanisha waliopo mezani.

Mfano ule ulisafiri. Mwaka 1995 Bunge la Marekani liliiwekea Washington yenyewe bodi ya kudhibiti fedha, na mwaka 2016 likaiwekea Puerto Rico nyingine, ambayo wakazi wake waliipinga hadharani kwa sababu wajumbe wake waliteuliwa na watu ambao wao hawawapigii kura. Kila mara hoja ni ile ile: jiji au kisiwa kimejiharibia jina, basi waje watu wazito kutoka nje. Na kila mara jibu la wenyeji linafanana na lile la 1975.

Rohatyn mwenyewe alipojaribu kukaribia siasa za kuchaguana alikwama. Jina lake lilitajwa mara nyingi kwa Uwaziri wa Fedha pindi chama chake cha Democratic kilipokuwa madarakani, na wakati wote akapewa mwingine. Mwaka 1996 Bill Clinton alitaka kumfanya makamu mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani. Maseneta wa Republican wakamkataa kwa sababu aliamini uchumi unaweza kukua kwa kasi kuliko wakubwa wa benki hiyo walivyodhani, naye akajitoa kabla ya kura. Alikuwa na maoni ya wazi, yenye upande, juu ya jambo la umma, na safari hiyo maoni hayo yalimgharimu. Ubalozi wa Paris ulikuja mwaka uliofuata, na mtu mwenye hila angeweza kuuita zawadi ya kufuta machozi.

Haukuwa hivyo, kwa sababu aliugeuza kuwa kazi. Aliyekuwa waziri wake wa mambo ya nje, Madeleine Albright, alizaliwa Prague mwaka 1937 na yeye pia aliletwa Marekani na familia iliyokimbia, kwa hiyo kwa miaka mitatu uhusiano wa Marekani na Ufaransa ulipita mikononi mwa watoto wawili wa Ulaya ya Kati waliofukuzwa kwao. Kulikuwa na mengi ya kugombania: vita vya Kosovo, nyama ya ng'ombe wenye homoni, na wakulima wa mwanaharakati José Bové walioubomoa mgahawa wa McDonald's uliokuwa ukijengwa Millau mwezi Agosti mwaka 1999. Rohatyn aliona kwamba ubalozi uliojifungia Paris hauwezi kuisikia Ufaransa ya namna hiyo. Akaanzisha ofisi ndogo za kudumu katika miji ya mikoani, Lyon kwanza, kisha Toulouse, Rennes, Lille na Bordeaux, kila moja ikiwa na afisa mmoja wa Kimarekani na wafanyakazi wachache wenyeji. Bordeaux ilikuwa na ubalozi mdogo wa Marekani tangu karne ya 18 kabla haujafungwa kwa kubana matumizi. Aliwakutanisha mameya wa pande mbili za Atlantiki, na mkewe Elizabeth akashiriki kuanzisha ushirikiano wa majumba ya makumbusho ya mikoani. Kwa ufupi, alifanya kama mwenye benki anayewafuata wateja walipo.

Ofisi hizo zinatugusa sisi kwa njia ambayo hakuipanga. Tarehe 7 Agosti 1998, wakati wazo hilo likiwa changa, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa na zaidi ya watu 200 wakauawa, walio wengi wakiwa Wakenya na Watanzania. Tume za uchunguzi zilidai kuta, umbali kutoka barabarani na ulinzi mkali, na matokeo yake tunayaona Gigiri na Msasani, ambako majengo mapya yalifunguliwa mwaka 2003 na ambako mwomba viza hupita ukaguzi baada ya ukaguzi kabla ya kumfikia afisa dirishani. Huwezi kuwalaumu waliodai kuta, kwa kuwa waliokufa Nairobi walikufa kwa sababu jengo lilikuwa kando ya barabara yenye watu. Lakini nadhani Rohatyn alikuwa akitetea jambo ambalo kuta zinalisahau: mtu anayehitaji kusikilizwa na nchi kubwa si waziri pekee, na mara nyingi yuko mbali na mji mkuu. Alikuwa na sababu ya kulijua hilo. Kama ofisi ya Souza Dantas ingekuwa nyuma ya lango lisilofikika mwaka 1940, huenda New York ingelazimika kumtafuta mtu mwingine mwaka 1975.

Alirudi nyumbani mwishoni mwa mwaka 2000, na miaka yake ya mwisho aliitumia kudai jambo ambalo rafiki zake wa Wall Street hawakulipenda sana: kwamba serikali ikope na kujenga, madaraja, reli, shule na mabomba ya maji, kupitia benki ya taifa ya miundombinu. Muda mrefu kabla ya hapo alikuwa ameonya juu ya hatari ya zile biashara za fedha ambazo hata waliozibuni hawakuzielewa vizuri, na mwaka 2008 ukaja kumthibitisha. Alifariki New York mwezi Desemba mwaka 2019, akiwa na miaka 91.

Mwaka huo huo wa 2008, MAC nayo ilifungwa rasmi. Mabaki ya deni lake yalikuwa yamebadilishwa miaka minne nyuma kuwa hati mpya za shirika jingine, zinazolipwa na jimbo kwa miaka 30, na wenye hati za zamani walilipwa chao chote. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kinatoza ada hadi leo, na katika miaka yote ambayo jiji limekuwa na ziada, hakuna bodi iliyoitishwa usiku kujadili namna ya kuirudisha elimu ile ya bure.